Kuunga na Kurusha kwa Mara ya Kwanza Modeli ya Ndege ya Porini

Sifa kubwa ya ndege ya porini ni kwamba inaweza kwenda polepole bila kuanguka. Piper Super Cub iliyoanza kutengenezwa mwaka 1949, Beaver ya de Havilland ya Kanada iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947, na Pilatus Porter ya Uswisi ya mwaka 1959, zote zinajulikana kwa kazi moja: kufikisha watu na mizigo mahali pasipo na uwanja, kutua ukingoni mwa mto au kwenye kipande cha majani, na kupaa tena kutoka hapo hapo. Ndiyo maana bawa lake linakaa juu, flapu zake (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili iende polepole) ni kubwa, matairi ni mapana na laini, na gurudumu dogo liko mkiani badala ya puani.

Modeli yake inayorushwa kwa rimoti inarithi tabia hizo zote. Inapaa baada ya mita chache na kupita taratibu mbele ya macho yako, raha ambayo modeli za mbio haziwezi kukupa. Lakini ndege inayoruka karibu na kikomo cha bawa lake haina akiba ya kuvumilia uzito uliokaa vibaya, bawa lililopinda au sevo (mota ndogo inayosogeza sehemu za kuongozea ndege) inayochezacheza. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga jambo moja: ujue ndege yako itafanya nini ikipungukiwa mwendo, na ulijue hilo ikiwa juu angani, kabla haijafika mita moja kutoka ardhini.

Maelezo haya ni ya modeli ya povu gumu aina ya EPO, mota ya umeme na betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3, yenye mabawa ya kati ya mita 1.2 na 1.7 kutoka ncha hadi ncha. Nachukulia pia kwamba umekwisha kurusha modeli ya kujifunzia yenye aileroni (vipande vya nyuma ya bawa, karibu na ncha, vinavyoilaza ndege upande). Kama bado, iunge mwenyewe, ila rimoti ya siku ya kwanza mpe aliyezoea, nawe usimame pembeni yake utazame.

Kabla ya kufungua gundi

Toa vipande vyote sandukuni, vipange mezani na uvilinganishe na orodha. Kisha chukua kila nusu ya bawa, inua shina lake hadi usawa wa jicho na utazame kwa kufuata ukingo wa nyuma mpaka nchani. Povu lililokaa muda mrefu sandukuni au penye joto hujipinda. Bawa lililopinda kidogo halionekani kuwa na kasoro ndege ikiwa na kasi. Ikipunguza mwendo, ndilo litakalodondoka kwanza. Lipashe kwa mvuke wa maji ya moto, likunje kidogo kupita upande wa pili, lishikilie hadi lipoe, kisha utazame tena. Rudia mpaka nusu zote mbili zilingane.

Vifaa vyenyewe si vingi: bisibisi za nyota na za pembe sita, rula, futi ya kupimia, mizani ndogo, epoksi ya kukauka kwa dakika 15 au 30, gundi ya kufungia skrubu za chuma, na kipimo cha volti cha betri za lipo. Supa gluu ya kawaida huyeyusha povu jeupe la vifungashio, ingawa EPO huivumilia. Jaribu kwanza kwenye sehemu isiyoonekana.

Mabawa, mkia na miguu

Panga kila kitu bila gundi kwanza. Bomba la kaboni linalounganisha mabawa liingie mpaka mwisho bila kulazimishwa. Likigoma, tafuta povu lililoziba tundu badala ya kuligonga. Bawa likishakaa, pima kutoka kila ncha ya bawa hadi sehemu moja ya nyuma kabisa ya mkia. Vipimo viwili vikizidiana kwa zaidi ya milimita 3 au 4, bawa limekaa mshazari. Halafu simama nyuma ya ndege kama hatua tatu na utazame kama mkia wa mlalo uko sambamba na bawa. Jicho linaona kosa hili haraka kuliko rula.

Epoksi ipake nyembamba. Gramu 10 za gundi mkiani zinaonekana ni kidogo, lakini mkia uko mbali na bawa, na utalazimika kuzifidia kwa uzito mkubwa zaidi puani.

Nguzo za bawa, zile zinazotoka ubavuni na kushikilia bawa kwa chini, huwachanganya wengi. Katika modeli nyingine ni mapambo tu, na katika nyingine ndizo zinazobeba mzigo ndege inapokata kona. Kama kitabu hakisemi, zichukulie kuwa zinabeba: funga skrubu zake zote na usirushe bila hizo. Bawaba za povu za aileroni na eleveta (kipande cha mkia wa mlalo kinachoinua na kushusha pua) zikunje kwa mkono mara nyingi, juu na chini, mpaka zilainike. Bawaba ngumu huichosha sevo na kuizuia isirudi katikati.

Miguu ya mbele iwe mbele kidogo ya kitovu cha uzito. Matairi mapana ya porini hung'ang'ania majani, na miguu ikiwa nyuma mno ndege itabinuka na kula udongo kwa pua kila inapotua. Matairi yaangalie mbele sawasawa au yaelekeane kwa mbele kidogo sana. Yakitazama nje, ndege itayumba ikikimbia. Gurudumu la mkiani linyooke kabisa usukani wa mkia ukiwa katikati. Sukuma ndege kwa mkono sakafuni. Ikienda mstari mnyoofu kwa mita 3, umemaliza. Ikivuta upande, rekebisha sasa hivi.

Mota, betri na waya

Kanuni ya kwanza haina mjadala: propela haifungwi mpaka kazi yote ya mezani iishe. Mota ya umeme haitoi onyo kabla ya kuwaka, na propela ya inchi 11 inakata nyama hadi mfupa.

Ukiitazama mota kutoka juu, utaona imeelekea kulia kidogo, na kutoka ubavuni utaona imeinama kidogo, kwa kawaida digrii 2 au 3. Usiinyooshe. Mwelekeo huo umewekwa makusudi ili kupunguza tabia ya ndege kuvuta kushoto na kuinua pua unapoongeza nguvu.

Washa rimoti kwanza, kisha unganisha betri ya ndege. Wakati wa kuzima, geuza utaratibu huo. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya wowote wawili kati ya watatu unaotoka kwenye kidhibiti mwendo. Kisha weka kinga ya kupotea mawimbi: zima rimoti makusudi ndege ikiwa imewashwa bila propela, na mota isimame mara moja. Watu wengi huiweka kinga hii lakini hawaijaribu, na kinga isiyojaribiwa si ya kutegemea.

Antena mbili za risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) zikae kwa pembe ya digrii 90, mbali na betri, kidhibiti mwendo na bomba la kaboni, kwa sababu kaboni huziba mawimbi.

Kuhusu nguvu, hesabu inayotumika sana ni kama wati 220 kwa kila kilo ya ndege. Modeli ya kilo 1.4 inahitaji takriban wati 300, ambazo kwa betri ya seli 3 yenye volti 11 ikiwa kazini ni karibu ampea 28. Kidhibiti mwendo cha ampea 40 kitaibeba bila kupata moto. Kama una kipimo cha wati, ufunge ndege vizuri nje, vaa miwani, ufunge propela kwa jaribio hilo peke yake, usome namba ukiwa nyuma ya mota, kisha uitoe tena. Namba zilizoandikwa kwenye propela zitazame mbele, upande wa kusafiria. Ikigeuzwa, ndege bado itavuta, ila kwa udhaifu mkubwa, na rubani atadhani mota ni mbovu.

Sevo na mielekeo

Washa mfumo wote, trimu zote (vitufe vya rimoti vya kurekebisha mkao wa katikati) ziwe katikati, ndipo ufunge mikono ya sevo ikiwa kwa digrii 90 na fito, zile nyaya ngumu zinazounganisha sevo na eleveta, aileroni na usukani. Marekebisho makubwa yafanye kwa kuzungusha vishikizo vya fito. Rimoti iachie yale madogo ya mwisho. Kisha shika eleveta kwa vidole viwili na uichezeshe taratibu. Ikicheza zaidi ya milimita moja bila sevo kusogea, tundu la mkono wa sevo au la pembe (kipande kidogo kwenye eleveta ambapo fito hufungwa) limekuwa pana. Eleveta ndiyo isiyovumilia mchezo huo hata kidogo, maana kila kulegea kwake utakuona angani kama pua inayopanda na kushuka bila kutulia.

Sasa simama nyuma ya ndege, pua ikitazama mbele yako, useme kwa sauti huku ukisogeza vijiti. Kuvuta kijiti: eleveta inapanda. Kulia: aileroni ya kulia inapanda, ya kushoto inashuka. Usukani kulia: ukingo wake unakwenda kulia. Flapu: zote mbili zinashuka pamoja na kwa kiasi sawa. Hilo la mwisho lipime kwa rula, kwa sababu flapu moja ikishuka zaidi ya nyingine ndege itajilaza upande wakati ule ule unapotaka kutua.

Aileroni zipange zipande zaidi kuliko zinavyoshuka, kama mara moja na nusu. Bawa refu lina tabia ya kuvuta pua kinyume cha kona: aileroni inayoshuka huongeza ukinzani upande wake, na ndege huinama kulia huku pua ikitazama kushoto. Tofauti hiyo ya mwendo wa aileroni hupunguza tatizo lakini haiondoi. Linalobaki utalimaliza kwa usukani, na ndege ya porini isiyotumiwa usukani kwenye kona itaruka kihobelahobela siku zote. Ulaini wa vijiti vikiwa karibu na katikati, ule unaoitwa ekspo, uweke asilimia 20 hadi 30 kwa aileroni na eleveta.

Modeli nyingi za sasa huja na jairo (kifaa kinachohisi ndege ikiyumba na kuinyoosha) ndani ya risiva. Ijaribu mezani: inua ndege, ulaze bawa la kulia chini kwa ghafla, na aileroni ya kulia ishuke ili kulinyanyua. Inamisha pua, eleveta ipande. Ikifanya kinyume, ndege haitafika mita 10 salama. Ushauri wangu ni kwamba mruko wa kwanza ufanywe jairo ikiwa imezimwa lakini ikiwa kwenye swichi unayoifikia bila kutazama. Jairo huficha uzito uliokaa vibaya na trimu isiyo sawa, na leo hivyo ndivyo unavyovitafuta.

Kitovu cha uzito

Ukibakiwa na saa moja tu ya maandalizi, itumie yote hapa.

Funga kila kitu: bawa, nguzo, propela, miguu na betri ile ile utakayorushia. Betri isiunganishwe. Pima upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kwa bawa la mstatili, ambalo ndege nyingi za porini zinalo, anza kwenye asilimia 25 hadi 30 ya upana huo kutoka mbele, isipokuwa kitabu kimetoa namba yake. Bawa la sentimita 24 litakuwa na alama kati ya sentimita 6 na 7.2, na mimi ningeanza na 6.5. Weka alama kwa kalamu chini ya bawa, pande zote mbili, karibu na kiwiliwili.

Inua ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo, ikiwa katika mkao wake wa kuruka. Subiri itulie. Unachotaka kuona ni pua inayoshuka kidogo, polepole. Mkia ukishuka, usirushe. Sogeza betri mbele sentimita moja, inua tena. Ukifika mwisho wa chumba cha betri na mkia bado unashuka, hapo ndipo kipande cha risasi, ile metali nzito, kinapoingia puani, si kabla. Ndege yenye pua nzito inaruka kwa uvivu na kutua kwa kasi. Yenye mkia mzito huinua pua yenyewe, hustoli (bawa huacha kuibeba kwa kukosa mwendo), na mara nyingi hakuna kijiti kinachoiokoa. Ukipata mahali sahihi, chora mstari kwa kalamu ndani ya chumba kuonyesha mwisho wa betri, kisha ikaze kwa mkanda wa velkro usioteleza.

Halafu ishike ndege kwa pua na mkia tu, uone bawa lipi linashuka. Likishuka lile lile kila mara, bandika sarafu au kipande cha risasi kwenye ncha ya bawa la pili mpaka zilingane. Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo chanzo cha ndege nyingi kudondosha bawa moja zikitua.

Uwanja na ukaguzi wa mwisho

Chagua siku yenye upepo mwepesi usiobadilika mwelekeo, mahali pa wazi pasipo watu, barabara wala nyaya za umeme. Nchi nyingi zina sheria kuhusu modeli. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kikomo cha kawaida ni mita 120 kutoka ardhini, na mrushaji husajiliwa. Zijue za kwako kabla. Majani mafupi ni bora kuliko lami kwa mruko wa kwanza, kwa sababu yanapunguza ukali wa magurudumu kuvuta pembeni.

Kwenye uwanja, fanya jaribio la umbali: weka rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo, tembea hatua 30 huku msaidizi akishika ndege, na sevo zote ziitike bila kukatika, mota ikiwa imezimwa na kisha ikiwa nusu. Pima betri: volti 12.6 ikiwa imejaa. Saa ya rimoti iweke dakika 4. Hesabu ya kawaida kwa betri ya 2200 (ujazo wa miliampea-saa) ikitumia wastani wa ampea 15 ni dakika 7 kabla ya kutumia asilimia 80 ya ujazo wake, lakini bado hujui ndege hii inatumia kiasi gani. Tikisa propela, vuta kila kishikizo, kaza skrubu za bawa, na urudie mielekeo ya vijiti mara moja zaidi. Ndege nyingi zimeanguka kwa aileroni zilizogeuzwa baada ya kukaguliwa vizuri nyumbani na kufunguliwa kwa ajili ya safari.

Kupaa

Mruko wa kwanza flapu zibaki juu. Unataka kuijua ndege ikiwa ya kawaida kwanza.

Iweke pua ikikabili upepo. Iendeshe ardhini kidogo, huku umevuta eleveta ili mkia usiinuke. Ukiwa tayari, ongeza throto (nguvu ya mota) kwa utaratibu, ukihesabu hadi tatu kabla ya kufika juu. Pua itataka kwenda kushoto, kwa sababu upepo wa propela unaozunguka kiwiliwili unausukuma mkia. Gusa usukani kulia mapema, kabla ndege haijageuka, na uwe mwepesi kuupunguza kasi inapoongezeka. Mwendo ukishika, legeza eleveta. Mkia utainuka wenyewe, ndege itakimbia kwa magurudumu mawili, na baada ya hapo kuvuta kidogo tu kunatosha. Ikiruka kabla hujaitaka, usivute zaidi. Iache ijenge kasi karibu na ardhi, kisha ipande kwa pembe ya wastani. Kupanda wima siku ya kwanza ni kuomba stoli mahali pasipo nafasi ya kuitoa.

Kona ya kwanza ielekee mbali na wewe na watu, kwa aileroni kidogo na usukani upande ule ule.

Mambo manne ya kujifunza juu

Panda mpaka karibu mita 50 au 60, punguza throto hadi nusu na uweke trimu: eleveta kwanza, kisha aileroni, kisha usukani. Ukimaliza kuweka trimu, ndege iende mnyoofu kwa sekunde 5 bila mkono kwenye kijiti.

Pili, kitovu cha uzito kithibitishe angani. Ukiwa kwenye mwendo huo huo, inamisha pua kidogo, zima throto, uachie eleveta. Ikijinyanyua kwa nguvu, pua ni nzito. Ikijinyanyua taratibu, uko vizuri. Ikiendelea kuinama zaidi, mkia ni mzito, na unapaswa kutua sasa kwa mwendo wa juu kidogo na kusogeza betri mbele.

Tatu, flapu. Punguza mwendo kwanza, kisha zishushe nusu. Tazama pua. Katika ndege nyingi za bawa la juu pua itapanda kwa ghafla na ndege itajiinua, wakati mwingine mita kadhaa, huku mwendo ukiisha. Sukuma kijiti mpaka itulie, na ujaribu kukumbuka ni kiasi gani ulisukuma. Zirudishe juu, pumua, rudia. Kiasi hicho ndicho utakachoingiza kwenye rimoti kama mchanganyiko wa flapu na eleveta, na mshuko wa flapu uupe sekunde 2 badala ya kudondoka kwa mara moja. Flapu kamili jaribu baada ya nusu kueleweka.

Nne, stoli yenyewe. Panda tena, mabawa yakiwa sawa, ondoa throto na uvute eleveta polepole ili ndege isipande wala kushuka. Itapunguza mwendo, pua itakuwa juu, ndege itakuwa nzito kuitikia vijiti, kisha hewa itaachana na mgongo wa bawa. Ndege nzuri itainamisha pua tu. Ikidondosha bawa, achia eleveta, ongeza throto, zuia kwa usukani, na ukipata mwendo ndipo unyooshe kwa aileroni. Ukiwahi kutumia aileroni kabla ya mwendo kurudi, utazidisha kudondoka kwa bawa lile lile. Fanya hivi bila flapu, halafu na flapu nusu. Zingatia jinsi ndege inavyoonekana sekunde moja kabla ya kustoli: pembe ya pua, mwendo wake dhidi ya mandhari, sauti ya hewa. Sura hiyo ndiyo utakayoiepuka ukija kutua.

Kutua

Saa ikilia, tua, hata kama unafurahi. Mzunguko wa kwanza uwe wa mazoezi: pita kwenye mstari wa kutua kwa urefu wa mita 5, throto kidogo, kisha ongeza nguvu na upande tena. Sasa unajua mstari wako.

Kwa kutua kwenyewe tumia flapu nusu, na usizime throto. Hapa ndipo waliozoea modeli nyepesi za kujifunzia hupotea, kwa sababu flapu kubwa na matairi mapana yana ukinzani mwingi, na throto ikizimwa ndege haielei, inashuka. Eleveta itunze mwendo, throto itunze kushuka: ikishuka haraka ongeza nguvu, ikibaki juu punguza. Pua isipande juu ya upeo wa macho mpaka ufike karibu na ardhi. Kwenye urefu wa kama sentimita 30 anza kuvuta taratibu, punguza throto kidogo kidogo, na uendelee kuvuta kadiri inavyoshuka mpaka magurudumu yote matatu yaguse karibu pamoja. Endelea kushikilia eleveta juu hadi isimame kabisa, la sivyo matairi yatashika majani na pua itabinuka.

Ikiruka baada ya kugusa, kishawishi ni kusukuma kijiti ili irudi chini. Usifanye hivyo. Shikilia mkao, ongeza nguvu kidogo, iache itue tena yenyewe. Ikiwa imeruka juu sana au inayumba, peleka throto juu kwa utaratibu huku ukisukuma eleveta kuzuia pua, panda, na flapu zirudishe hatua kwa hatua ukiwa na mwendo. Kuziinua ghafla karibu na ardhi ni kuondoa sehemu ya bawa wakati unaihitaji.

Baada ya mruko wa kwanza

Chomoa betri kabla ya kubeba ndege. Gusa mota na kidhibiti mwendo: joto la kushikika ni sawa, lile linalokufanya uondoe mkono si sawa, na propela ndogo zaidi huwa ndiyo dawa. Pima betri ikishapoa. Ikiwa chini ya volti 3.7 kwa seli, punguza muda wa saa, ikiwa 3.9, ongeza dakika moja. Chaji kwa ampea sawa na ujazo wake, yaani ampea 2.2 kwa betri ya 2200, ukiwa karibu, juu ya kitu kisichoshika moto. Usipoirusha kwa siku kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, na iliyovimba isirudi angani.

Rimoti ikionyesha trimu ilisogea sana, zungusha vishikizo vya fito mpaka trimu irudi katikati na eleveta au aileroni zibaki pale zilipokuwa. Washa jairo, uitazame kwenye mruko wa pili ukiwa juu, kwa nguvu ndogo kwanza. Kisha anza mazoezi ya kupaa na kutua kwa umbali mfupi kwenye majani tambarare: flapu nusu, throto kamili ukiwa umevuta eleveta, ulegeze mara tu ndege inapoachia ardhi. Weka alama mbili uwanjani na uzikaribishe kila unapoweza kutua kati yake mara kadhaa mfululizo.

Changarawe, miteremko na kingo za mito vije baada ya hapo. Mkienda huko, beba propela mbili za akiba, na iliyogonga jiwe ibadilishwe hata kama ufa hauonekani.